Perege wamekufa na baridi, nifuge samaki gani?

SWALI: Shikamoo mzee. Niko Njombe mjini, nina kidimbwi nyuma ya nyumba, nimechimba mwenyewe nikatandika turubai, urefu mita 2 upana mita moja na nusu, kina kama nusu mita hivi. Mwezi wa tatu niliweka perege ishirini, wakawa wanakula mpaka wanarukia mkono, sasa ulivyoingia mwezi wa sita wakaanza kujikunyata chini hawali, wengine wakaota kitu cheupe kama pamba mgongoni, leo wamebaki wanne. Jirani anasema maji machafu, mke wangu anasema kuna mtu kanifanyia. Mimi nataka samaki wa kukaa tu pale watoto waangalie, siuzi wala nini, ila wasife kila kipupwe. (Baba Wawili)

JIBU: Marahaba baba. Hakuna aliyekufanyia, mwambie mama watoto alale usingizi. Ni baridi tu. Samaki hana joto lake mwenyewe kama kuku, maji yakipoa na yeye kapoa, na perege ni samaki wa joto, anachangamka maji yakiwa nyuzi 25 hadi 30, yakishuka chini ya 20 anaanza kudoda, yakifika 16 hivi chakula hataki, yakigusa 10 au 11 ndio hao unaowaokota asubuhi. Na Njombe iko karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, kuna asubuhi za mwezi wa saba majani yana barafu, ukikanyaga yanalia. Ile pamba ni fangasi, imemkuta samaki kashaishiwa nguvu ikampanda.

Kambale atavumilia baridi kidogo zaidi ya perege ila atadumaa, tena anakaa chini kwenye tope, watoto wataangalia nini sasa?

Wewe chukua goldifishi. Usicheke, najua umewaona kwenye vioo vya mapokezi ya hoteli ukadhani ni samaki wa ndani tu, kumbe yule ni ndugu wa samaki anayeitwa kapu (carp), maji ya nyuzi 4 anaishi, huko kwenye nchi za theluji anakaa chini ya barafu miezi na miezi. Ila sio goldifishi yeyote. Dukani watakuonyesha wale wa mviringo kama yai, mikia miwili, macho yametoka nje, wanapendeza kweli na bei yake imechangamka, hao waache, baridi hawaiwezi na kuogelea kwenyewe ni shida. Chagua mwenye mwili mrefu na mkia mmoja, wanaitwa kometi, au shubunkini wale wenye madoadoa. Koi, kapu wa mapambo mwenye rangi, naye baridi anaiweza vizuri sana, lakini anafika sentimita 60 na zaidi, na bwawa lako ni lita 1,500, kwake hilo ni beseni. Anza na wanane tu, wakikaa vizuri watazaliana wenyewe.

Usiwalete sasa hivi. Samaki aliyezoea maji ya Dar ya nyuzi 28 ukimtumbukiza Njombe mwezi wa saba atakufa hata kama ni goldifishi, subiri mwezi wa kumi au wa kumi na moja maji yameshapata joto, ukifika nao acha mfuko uelee juu ya maji kama dakika 20, halafu uwe unaongeza maji ya bwawa kwenye mfuko kikombe kikombe kabla hujawaachia. Wakati unasubiri, chimba tena ufike angalau sentimita 80, maana nusu mita inapoa usiku mmoja tu.

Halafu nunua thamomita, ifunge kamba, ishushe chini upime alfajiri, saa nane mchana itakudanganya. Ikisoma chini ya 10, usilishe kabisa. Mimi mwaka wangu wa kwanza niliwaonea huruma nikawatupia mkate asubuhi ya baridi kali, walikula, na tumbo la samaki kwenye baridi halisagi kitu, chakula kikawaozea humo humo. Nilizika watatu wiki ile kwa huruma yangu mwenyewe.

SWALI: Niaje mzee, niko Limuru, huku baridi ni mbaya. Nimeskia trauti anapenda maji baridi, naeza weka kwa tenki ya lita 1,000?

JIBU: Anapenda, tena ni mwenyeji wa baridi za kwenu tangu 1905 alipowekwa Mto Gura kule Aberdare. Lakini umesema tenki. Trauti anataka maji baridi NA yanayokimbia, yenye hewa nyingi, kwenye tenki lililotulia hewa itamwishia kabla baridi haijamfanya chochote. Kama huna kijito kinachopita shambani, achana naye, weka goldifishi watano na wavu juu, mdiria akishajua njia hakuachii hata mmoja.

SWALI: Mzee salaam kutoka Minnesota, Marekani. Kidimbwi changu kina chake ni sentimita 40 na kinaganda, goldifishi wangu watapona?

JIBU: Kwa sentimita 40 na baridi ya huko, hapana, kinaweza kuganda mpaka chini. Wahamishie kwenye pipa kubwa huko besimenti, chumba cha chini ya nyumba, kabla barafu haijaanza. Mwakani chimba mita moja na zaidi, maji ya nyuzi 4 ndio mazito kuliko yote kwa hiyo yanakaa chini, na wao watalala humo. Kinachoua zaidi ni barafu kuziba juu kote, majani yanaoza chini na gesi yake haina pa kutokea, lazima kuwe na tundu. Usipige nyundo, mshtuko ule unawaumiza. Weka sufuria ya maji ya moto juu ya barafu mpaka itoboke, na ishike mpini, maana ikizama utaifuata mwezi wa nne.