Dabi ya Mbeya na vurugu za Sokoine: tatizo liko getini

Mkuu, umeuliza mambo mawili kwa mpigo. Moja, kama uwanja wa Sokoine hapa Mbeya ni mahali pa kumpeleka dogo wa miaka tisa siku Mbeya City anacheza na Prisons. Mbili, kama askari wakiongezwa vurugu zitapungua. La kwanza nakujibu ndiyo, mpeleke. La pili litanifanya niandike kirefu, maana waliokujibu kabla yangu wamekimbilia kusema mashabiki wa Mbeya hawana ustaarabu, na mtu anayesema hivyo ama hajawahi kuingia mzunguko, yaani majukwaa ya kawaida nje ya jukwaa kuu, ama aliingia mara moja akaibiwa simu.

Nimekuwa katibu wa tawi la mashabiki, na kwa misimu kadhaa nimesimama getini na reflekta nikichana tiketi. Ninayoyasema nimeyaona nikiwa nimebanwa kati ya nguzo ya geti na kitambi cha mtu.

Hii dabi yenyewe kwanza. City ni timu ya halmashauri ya jiji, ilipanda ligi kuu msimu wa 2013/14 chini ya kocha Juma Mwambusi ikamaliza ya tatu, juu ya Simba. Mji mzima ukavaa zambarau, hadi wamama wa Soko Matola. Prisons ni ya Jeshi la Magereza, wakongwe, mabingwa wa 1999. City akashuka 2023, kwa 2025/26 akarudi, ndiyo maana maneno yamekuwa mengi vijiweni. Lakini hao wanaozomeana Jumamosi, Jumatatu wako kwenye hiace moja ya Uyole. Shemeji yangu ni wa Prisons damu damu. Sisi wa City tukifungwa ananipigia simu kunijulia hali, kwa upole unaokera kuliko tusi. Na mashabiki wa Prisons wengi ni askari magereza na familia zao. Mtu aliyekuja na mke na watoto, na bosi wake amekaa safu ya mbele, atarusha chupa aikimbilie wapi? Utasikia kejeli za kila namna siku hiyo. Ngumi ni nadra.

Joto lenyewe linakuja pale Simba au Yanga akipanda huku. Siku hiyo watu wanatoka Tunduma, Vwawa, Tukuyu, Chunya, wengine Makambako, wameanza safari alfajiri. Uwanja ni ule ule wa CCM tunaoujua tangu utoto, na mageti ni yale yale. Mtu wa kutoka Tunduma ameacha biashara, amelipa nauli, amefika saa tisa, anaambiwa tiketi zimekwisha. Huyo harudi nyumbani. Anazunguka ukuta.

Sasa nikueleze geti linavyofanya kazi, maana hapa ndipo penye ugomvi wote.

Mechi ikiwa saa kumi, mageti yanatakiwa yawe wazi tangu mchana. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba linafunguliwa geti moja, tena ubavu mmoja. Ubavu wa pili umefungwa mnyororo, kwa sababu wasimamizi wa mapato wanaogopa watu kupenya bila tiketi, au mwenye ufunguo yuko kwenye kikao. Hadi saa nane mambo ni shwari, watu wanaingia kwa kuchekeana. Kuanzia saa tisa wanafika wote kwa pamoja, maana Mtanzania na muda mnajuana. Mimi nachana tiketi, mwenzangu anapapasa mifuko. Hapo kuna watoto wa mtaani wameshika mikono ya watu wasiowafahamu, "anko, niingize", na anko mwenye roho nzuri ameshika wanne. Nyuma yake kuna mheshimiwa fulani hataki kupanga foleni. Foleni inageuka kundi. Wa mbele hawezi kurudi, wa nyuma haoni kwa nini mbele hakusogei.

Halafu ndani wanapiga kelele za goli.

Hapo mkuu, usiombe. Hakuna anayemchukia mwenzake pale nje, wengi wana jezi ya rangi moja, lakini kila mmoja anasukuma kwa sababu anasukumwa. Nimewahi kuona mtu mzima ameinuliwa miguu haigusi chini, anaelea, tiketi iko mkononi na hana namna ya kuninyooshea. Ukimuuliza askari aliyesimama hatua thelathini nyuma anaona nini, atakwambia mashabiki wanafanya fujo. Yeye anaona vichwa na mikono. Anachukua kirungu anaanza kusafisha kutoka nyuma, yaani anawasukumia hao wa nyuma mbele, kwangu mimi, penye chuma.

Kuna na ile fungulia mbwa ya dakika za mwisho, geti linapoachiwa watu waingie bure. Watu wanaisifia kama huruma kwa wasio na hela, mimi siipendi hata kidogo. Ina maana wakati wenye tiketi wanaanza kutoka, mamia wanaingia kwa kukimbia kupitia geti hilo hilo. Tena vijana wakishajua kwamba geti litaachiwa, mia mbili tatu wanaganda nje kipindi chote cha pili wakiimba. Umetengeneza kundi la wenye hasira kwa mikono yako mwenyewe.

Ushirikina nao siwezi kuuruka, ingawa viongozi wakiulizwa wanacheka. Ugomvi mwingi wa kabla ya mechi si wa mashabiki wa kawaida, ni wa hawa wanaoitwa makomandoo wa timu. Timu kwa kuogopa uchawi imegoma kupita mlango rasmi, imegoma kuingia chumba cha kubadilishia nguo, basi limesimama mlango wa nyuma, makomandoo wa wenyeji wamelizuia. Saa moja inapotea hapo, na askari waliotakiwa kuwa mageti ya mzunguko wote wamekimbilia kwenye basi. Bodi ya Ligi inapiga faini kila wiki kwa kutumia mlango usio rasmi, na klabu zinalipa kama zinavyolipa bili ya maji. Mnakumbuka Machi 8, 2025, dabi ya Kariakoo, Simba na Yanga, iliahirishwa, na chanzo ni Simba kuzuiwa kuingia kufanya mazoezi kwa Mkapa jioni ya kabla ya mechi. Ikaja kuchezwa Juni 25. Nchi nzima imesimama kwa ajili ya geti.

Turudi kwa askari. Kuna siku moja, uwanja sitautaja wala timu sizitaji, ila ni huku huku Nyanda za Juu. Goli lilikataliwa kwa kuotea. Chupa za maji zikaruka kuelekea kwa mshika kibendera, hazikufika hata nusu ya njia. Waliorusha ni kikundi kidogo, wamekaa sehemu moja, na sisi wa matawi tunawajua kwa majina na kwa mama zao. Ilitosha watu wawili kupanda pale wakawatoa. Badala yake bomu la machozi likapigwa jukwaani. Upepo ukaurudisha moshi upande wanakokaa wamama wa karanga na mayai ya kuchemsha. Mama mmoja alimwagia khanga yake maji ya kunywa akawafunika watoto watatu, nami namjua, ana mtoto mmoja. Watu wote wakaelekea geti waliloingilia, lile la ubavu mmoja. Ubavu wa pili tuliufungua kwa kupasua kufuli na tofali. Hakufa mtu. Walioteguka miguu walikuwepo, na viatu vilivyobaki pale chini vingejaza kiroba. Wale wa chupa? Walisharuka ukuta sekunde ya kwanza, maana hao ndio wanaoujua ukuta.

Tofali ndiyo ilituokoa siku ile. Accra, Mei 9, 2001, Hearts of Oak na Asante Kotoko: mashabiki wa timu iliyofungwa magoli wakaanza kung'oa viti, polisi wakapiga mabomu ya machozi jukwaani, watu wakakimbilia milango wakaikuta imefungwa. Walikufa zaidi ya 120. Malang kule Indonesia, Oktoba 1, 2022, walikufa 135 kwa mtindo ule ule, moshi halafu milango. Na hebu zingatia hili la Malang: mashabiki wa Persebaya, wapinzani wao wa jadi, walikuwa wamezuiwa kuja kabisa ili kuepusha vurugu. Uwanja ulikuwa wa mashabiki wa wenyeji, Arema, watupu. Upinzani haukuwepo na watu bado wakafa. Hillsborough, Uingereza, 1989, wale 97 wa Liverpool hawakupigana na mtu yeyote. Walibanwa baada ya polisi kufungua geti la kutokea na kuwaacha wamiminike kwenye vizimba vilivyokwisha kujaa, kisha wakasingiziwa ulevi. Ilichukua hadi 2016 baraza la wazee wa uchunguzi kusema waliuawa kinyume cha sheria na mashabiki hawakuwa na lawama.

Kanuni za FIFA za usalama viwanjani zinakataza walinzi na askari wanaosimama kuzunguka eneo la kuchezea kubeba au kutumia silaha za moto na gesi ya kutawanya watu. Najua kuna mtu ataniambia FIFA hawawajui vijana wa Mwanjelwa. Sawa. Lakini gesi inafanya kazi ya kutawanya, na ili mtu atawanyike lazima pawe na pa kwenda. Barabarani papo. Jukwaani amezungukwa na ukuta.

Sisemi askari hawatakiwi. Nimewahi kumuona afande mmoja, sajenti, sasa amestaafu, ambaye siku ya mechi alikuwa anafika mapema mchana, bila kofia ngumu, anaanzia kwa mpiga ngoma wa tawi. Ananunua hindi la kuchoma, anakaa naye, anamwambia, "Mzee, leo vijana wako ni wako, mimi sitaki kuwajua." Halafu anakuja getini kwetu kuuliza funguo za ubavu wa pili ziko kwa nani, na haondoki hadi azione. Mtu akileta za kuleta anamwita kwa jina, na jina likishaitwa mbele ya watu wa mtaani kwako nguvu zote zinaisha. Watu walimwita mnoko. Mechi zake zilikuwa zinaisha tunapeana mikono. FFU, polisi wa kutuliza ghasia, walikuwepo siku hizo, lakini karandinga lilikuwa limeegeshwa kona ya nje, halionekani ukiwa kwenye foleni.

Kwa hiyo ukiniuliza waongezwe wangapi, mimi nasema kwanza waambiwe wasimame wapi. Wachache getini tangu saa sita wakipanga foleni ikiwa bado fupi, wenye akili ya kuongea na watu. Wengi zaidi barabarani baada ya filimbi ya mwisho, kwa sababu kwa macho yangu bodaboda za kusherehekea kuelekea Mafiati na Kabwe zimeumiza watu wengi kuliko ngumi zote za jukwaani. Boda moja watu wanne na bendera, taa hakuna, malori ya Zambia yanapita. Hapo ndipo natamani kuona virungu, samahani kwa watakaokwazika.

Na adhabu? Faini inalipwa na klabu, mrusha chupa halipi hata mia. Kucheza bila mashabiki ndiyo kabisa. Simba walicheza na Constantine ya Algeria Januari 2025 uwanja mtupu kwa sababu ya fujo za siku ya mechi yao na Sfaxien ya Tunisia, na waliokosa mechi wengi wao siku ile hawakugusa kiti. Mimi ningependa matawi yapewe kazi: kila tawi litoe watu wake wa reflekta, mtu wao akiharibu, tawi linakosa mgao wake wa tiketi mechi ijayo. Utaona wanavyomkamata wenyewe.

Kuhusu dogo wako. Ingieni kabla ya saa nane. Mnunue tiketi mapema, usinunue ya mkononi kwa hao wanaotembea tembea nje, utaichanisha getini ugundue ni feki na mtoto analia. Kaeni jukwaa kuu kama mfuko unaruhusu. Kama ni mzunguko, kaeni pembeni karibu na geti, lakini si mbele ya geti lenyewe. Mkishakaa tu mwoneshe geti la pili liko wapi. Mkipotezana mkutane sehemu ya nje mliyokubaliana, asirudi ndani kukutafuta. Msisubiri filimbi ya mwisho mkasimama kwenye njia; ama tokeni dakika kumi kabla, ama bakini mmekaa hadi wenge liishe. Jezi avae yoyote aipendayo, kwenye dabi hii hakuna atakayemgusa. Siku ya Simba au Yanga msubirishe akue kidogo. Na sweta, mkuu, hasa kama mechi itaangukia Mei au Juni, wageni wa Dar huwa wanatucheka mpaka kipindi cha pili.

Kuna aliyeuliza pia kuhusu uwanja wa Samora wa Iringa, enzi timu ya Lipuli iko ligi kuu. Mimi kule nilikwenda kama mgeni tu, nikasalimiwa kwa Kihehe, kamwene, nikapewa nafasi ya kukaa, siwezi kuisemea zaidi ya hapo. Wanyalukolo, watu wa Iringa, mliokuwa mageti ya Samora njooni mtuambie.