Begi limekuja siku nne baada yangu, kuna cha kudai?

Mwanangu, habari za kazi. Mi ni mama wa miaka 61, wa Makorora hapo Tanga, ila nakuandikia nikiwa Ujerumani, binti yangu kajifungua ndo nimekuja kumkanda na kumuogesha mtoto. Sasa hiyo safari yenyewe! Nimetoka Kange na basi la alfajiri, Dar nikafika mchana, ndege ilikuwa saa tano usiku, tukakaa weee mpaka saa kumi alfajiri ndo tunaambiwa pandeni. Kufika huko Ghuba tunakobadilisha, ndege ya pili ishaondoka zamani, nikalala kwenye kiti masaa kumi na nne hamna aliyenipa hata maji, na Kiingereza changu ni cha kuombea chai tu. Nafika Ujerumani, begi halipo. Baridi ya Januari na mi nimevaa dera, baibui na makubazi. Binti akaongea na mtu wa kaunta tukapewa karatasi ina namba, basi. Ikabidi aninunulie koti, viatu, soksi na nguo za ndani, yuro 140 na ushee, risiti anazo. Begi likaletwa siku ya nne, gurudumu moja hamna, na samli niliyomletea mzazi imemwagikia kanga zote. Leo ni siku ya tisa toka lije. Ejenti aliyetukatia tiketi nimempigia, ananambia shukuru begi limepatikana. Kweli hakuna kitu?
Mama wa Makorora

Shikamoo mama, na hongera kwa mjukuu. Huyo ejenti amekosea. Sisemi kakudanganya, maana wengi wao hawajui kabisa, akishakata tiketi na kuchukua chake habari yako imeisha.

Kuna kitu kinaitwa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, Tanzania imo na Ujerumani imo. Unasema begi likichelewa kwenye safari ya kimataifa, kampuni ya ndege inawajibika kwa hasara uliyoipata kwa huko kuchelewa, labda waonyeshe kwamba walifanya kila linalowezekana kuizuia. Na hasara si lazima kitu kiwe kimepotea, lile koti na vile viatu ambavyo usingevinunua kama begi lingekuja na wewe ndo hasara yenyewe. Kikomo chake toka tarehe 28 Desemba 2024 ni SDR 1,519 kwa abiria mmoja, hiyo SDR ni kipimo cha thamani ya hela cha Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), kwa hela unazozijua inakaribia dola 2,000. Ila usije ukaambiwa na jirani kwamba unapewa zote! Hicho ni kikomo tu, wanalipa kile chenye risiti, wakati mwingine wanabishana hata hapo, wanasema koti umebaki nalo kwa hiyo tunalipa nusu. Binti akaze, Januari ya Ujerumani makubazi hayavaliki.

Sasa sikiliza hapa mama maana ndo penye kasheshe. Madai ya begi lililochelewa yanatakiwa yaandikwe ndani ya siku 21 toka siku ulipokabidhiwa. We uko siku ya tisa, zimebaki kumi na mbili, zikiisha umekwisha. Na ile karatasi ya kaunta, yenye herufi tano na tarakimu tano, watu wengi wanaiweka kwenye pochi wanajua tayari wameshadai. Ile ni ripoti kwamba begi halikuonekana, wanaitumia kulitafuta, usiihesabu kama madai. Binti aingie kwenye tovuti ya kampuni leo leo ajaze fomu ya madai, aweke hiyo namba, picha ya boding pasi, kile kistika cha begi walichokubandikia Dar, risiti moja moja, na tarehe begi lilipoletwa mlangoni. Apige picha skrini akimaliza kutuma. Kupiga simu hakuhesabiki, hata mkiongea nao saa nzima wakakuomba radhi.

Gurudumu sikufichi, limeshapita. Kitu kilichoharibika kinadaiwa ndani ya siku 7 tu. Litajeni kwenye madai mkipenda, msilitegemee.

Na samli, mama yangu... Umoja wa Ulaya hauruhusu abiria kutoka nje aingie na nyama wala maziwa na vitokanavyo na maziwa, samli imo humo. Afadhali imemwagikia kanga kuliko ungesimamishwa forodha, na wala usiitaje kwenye madai. Safari nyingine mletee mzazi ng'onda, samaki wanaruhusu mpaka kilo 20.

Zile masaa kumi na nne za kitini zinaniuma kuliko begi. Kama tiketi ilikuwa moja mpaka mwisho, ungeweza kwenda kaunta ya wanaobadilisha ndege ukadai chakula na pa kulala, kampuni nyingi zinatoa ila haziiti mtu, anayekaa kimya analala kitini. Wakati wa kurudi ndo una nguvu zaidi, kwa sababu ndege ikianzia uwanja wa Umoja wa Ulaya, iwe ya kampuni ya nchi yoyote, sheria yao inawabana: chakula, hoteli, na ukifika umechelewa masaa matatu au zaidi kwa sababu iliyo mikononi mwao, fidia inaweza kufika yuro 600. Mwambie binti akuandikie kwenye karatasi kwa Kiingereza, “nimekosa ndege, naomba hoteli”, ukae nayo kwenye pochi.

Anti, nimekata tiketi mbili kampuni tofauti, Dar mpaka Nairobi, afu Nairobi mpaka London, katikati kuna masaa mawili. Iko sawa?
Kijana wa Chumbageni

Haiko sawa mdogo wangu. Ya kwanza ikichelewa, wale wa pili hawakujui, tiketi imekufa. Na begi mara nyingi itabidi ulitoe Nairobi ulikabidhi upya. We uko Tanga, Dar ya nini? Pitia Horohoro mpaka Mombasa, ni karibu kuliko Dar, panda treni ya SGR kwenda Nairobi, lala hapo usiku mmoja. Kenya unaingia bila viza. Ile tiketi ya Dar uliza kama wanarudisha hela.