Kuongeza RAM kwenye ThinkPad T480

Kaka, umeuliza kama T480 yako ya GB 8 inaongezeka RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) au ununue laptop nyingine. Usinunue. Ina nafasi mbili za RAM, na mara nyingi hiyo GB 8 ni kipande kimoja, nafasi ya pili iko wazi. Tafuta RAM ya aina ya DDR4 ya laptop. DDR3, aina ya zamani, haitaingia, mkato wake uko mahali tofauti, kwa hiyo usiilazimishe. Ukiongeza GB 8 nyingine, vipande viwili hufanya kazi sambamba, na utaiona tofauti hata kwenye picha, maana kadi ya picha ya Intel ya ndani hutumia RAM hiyo hiyo.

Sasa sikiliza hapa, ukisahau hili unaweza kuunguza mashine: T480 ina betri mbili. Ukichomoa ya nje, ya ndani bado inapeleka umeme. Ingia BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta) kwanza uizime betri hiyo ya ndani, ndipo ufungue kifuniko cha chini. Ingiza kipande kwa mshazari, kisha kibonyeze mpaka vibanio vya pande zote mbili vilie.

Lakini soma jina vizuri: kama ni T480s, sehemu ya RAM imechomelewa kwenye ubao na nafasi ni moja tu.