Kabla hujaandika historia ya kanda ya shirika la wamisionari, jua kwanza nani alikuwa mkuu wa nani

Miaka kadhaa iliyopita parokia yetu, iliyo upande wa kusini wa Ziwa Viktoria, ilinikabidhi kazi ya kuandika kijitabu cha jubilei kuhusu mapadre wamisionari walioianzisha. Niliifanya kwa moyo wote, lakini kwa maarifa machache. Kijitabu kilipotoka, katekista mmoja mstaafu aliniita nyumbani kwake, akafungua ukurasa niliouita "Wakuu wa Shirika", akanionyesha kwa upole kwamba karibu majina yote yaliyokuwapo yalikuwa ya maaskofu. "Mwanangu, hawa ndio waliotupa Kipaimara," aliniambia. "Mkuu wa mapadre alikuwa mwingine. Alikuja, akakaa siku mbili akizungumza na mapadre wake, akaondoka." Nilijisikia vibaya sana, kwa sababu kijitabu kilikwisha kusambazwa hadi vigangoni.

Ninaandika haya kwa ajili ya yeyote atakayepewa kazi kama ile, na ushauri wangu wa kwanza ni huu: usiandike jina la kiongozi yeyote kabla hujajua mamlaka yake yalitoka wapi na yaliishia wapi. Askofu huongoza jimbo, yaani waamini wote wa eneo fulani pamoja na parokia zao. Shirika lina uongozi wake wa ndani: Mkuu wa Shirika pamoja na washauri wake, chini yake Mkuu wa Kanda, ambaye wengine humwita provinsiali, na chini yake mkuu wa kila jumuiya. Mkuu wa Kanda ndiye anayeshughulikia afya ya wanashirika wake, likizo zao, masomo yao na kuhamishwa kwao, lakini hawezi kumweka padre parokiani bila kukubaliana na askofu wa mahali.

Kwa Wamisionari wa Afrika, wale ambao wazee wetu huwaita White Fathers, kuchanganya mambo haya ni rahisi mno, na sababu yake ni ya kihistoria. Shirika hilo lilianzishwa na Charles Lavigerie mjini Algiers mwaka 1868, na msafara wake wa kwanza ulitoka Bagamoyo katikati ya mwaka 1878 ukafika Kageye, kwenye ufuko wa kusini wa ziwa, mwishoni mwa mwaka huohuo. Kutoka huku kwetu Padre Siméon Lourdel na Bruda Amans walivuka kwenda Buganda, wakafika Februari 1879. Wamisionari walipolazimika kuondoka Buganda mwaka 1882, walirudi kusini, wakaanzisha misioni ya Bukumbi mwaka 1883. Tangu hapo na kwa miongo mingi, Vatikani ilikabidhi eneo zima kwa shirika moja, na askofu mwenyewe alikuwa mwanashirika. Utaratibu huo ulikoma mwaka 1969 katika maeneo yaliyokwisha kuwa majimbo kamili.

Mfano ulionisaidia kuelewa ni wa Léon Livinhac. Aliongoza ule msafara wa kwanza wa ziwani, kisha mwaka 1883 akateuliwa kuwa Vikari wa Kitume wa Victoria Nyanza, yaani mwenye mamlaka ya kiaskofu juu ya eneo hili. Baadaye alichaguliwa kuwa mkuu wa shirika zima, na kabla ya kuondoka alimweka wakfu mrithi wake, Jean-Joseph Hirth, hapahapa Bukumbi mwaka 1890. Kwa hiyo barua ya Livinhac ya mwaka 1886 na barua yake ya mwaka 1900, ingawa zina sahihi ya mtu mmoja, zimetoka katika ofisi mbili tofauti kabisa. Ukilielewa hilo, nusu ya makosa yangu hutayafanya.

Neno "kanda" lenyewe linahitaji uangalifu. Sisi wa Mwanza tukisikia kanda tunafikiria Kanda ya Ziwa, yaani mikoa hii yetu. Kanda ya shirika ni kitu kingine: leo Wamisionari wa Afrika walioko Tanzania, Kenya na Uganda wako chini ya kanda moja ya Afrika Mashariki. Kuna tena mkusanyiko wa majimbo yaliyo chini ya Jimbo Kuu la Mwanza, jimbo lililopandishwa hadhi hiyo mwaka 1987, na huo nao hauna uhusiano na mipaka ya shirika lolote. Ukivuka kwenda Musoma utakuta historia ya Wamaryknoll, shirika lililozaliwa Marekani mwaka 1911 na kufika huko mwaka 1946. Usiwaingize katika orodha ya White Fathers kwa sababu tu walikuwa wazungu wenye kanzu.

Kuhusu vyanzo, omba kuona shajara ya jumuiya. Lavigerie aliwaagiza wamisionari wake waishi watatu au zaidi pamoja, na kila kituo kiliandika shajara ya matukio yake: nani amefika, nani anaumwa homa, mvua imenyesha au la. Nyingi za zamani ziko kwa Kifaransa, na nyaraka kuu za shirika zimehifadhiwa Roma, kwa hiyo tafuta mapema mtu wa kukutafsiria, na uombe ruhusa kwa barua iliyo wazi. Mimi nilikwenda kuomba kwa mdomo siku ya Jumapili baada ya Misa, wakati paroko amezungukwa na watu, nikapoteza miezi kwa sababu ya haraka hiyo.

Hata hivyo shajara haitoshi. Ilikuwa ikiandikwa na mapadre, na kwa kawaida katekista aliyetembea kwa miguu kutoka kigango hadi kigango hutajwa kwa jina moja tu la ubatizo, kama anatajwa. Ukikumbuka kwamba Lavigerie alitaka maandalizi ya ubatizo yachukue miaka minne, utaona kwamba kazi kubwa ya kila siku ya mafundisho isingewezekana bila hao. Ndiyo maana lazima ukae na wazee. Usimwulize mzee "ilikuwa mwaka gani?", mwulize ilikuwa kabla au baada ya maji ya ziwa kupanda, mwanzoni mwa miaka ya 1960, kabla au baada ya watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa, wakati wa askofu yupi. Mzee mmoja aliyesema hakumbuki chochote alinipa mpangilio kamili wa mapadre watano mara nilipomtajia Askofu Joseph Blomjous, mwanashirika aliyekuwa askofu wa kwanza wa Jimbo la Mwanza mwaka 1953, na mrithi wake Renatus Butibubage, mwana wa nchi hii, aliyeanza mwaka 1966.

Kipindi hicho cha makabidhiano kiandike kwa kirefu kuliko nilivyofanya mimi. Vijitabu vyetu vingi hujaza kurasa kwa safari za kwanza, kisha vinapita haraka juu ya miaka ambayo parokia zilitoka mikononi mwa wamisionari kwenda kwa mapadre wa jimbo, ilhali hapo ndipo tunaona kama uongozi ule ulikuwa umeandaa watu au la. Uliza nani alibaki na funguo za zahanati, nani aliendelea kulipa walimu, nani alikwenda seminari na nani alirudishwa.

Toleo la pili la kijitabu chetu lina kurasa nne za makatekista, na kwenye ukurasa wa viongozi kila jina limefuatiwa na cheo chake, eneo lake na aliyemteua. Nilimpelekea yule katekista mstaafu nakala ya kwanza. Aliusoma ukurasa ule kwa kidole, jina baada ya jina, kisha akaomba kalamu asahihishe tahajia ya jina la baba yake.