Kabla Hujamwacha Mwenzako wa Uwanjani

Juma lililopita msichana mmoja wa Arusha, ambaye kama wasomaji wangu wengi anatamani siku moja aishi kwa raketi yake, aliniandikia akiniuliza kama ni vyema amwache mwenzake wa tenisi ya wawili wawili, kwa sababu wamepoteza mechi nne mfululizo na mwenzake huyo haongei uwanjani. Nilikaa na ujumbe wake siku mbili kabla ya kuujibu, maana mimi ndiye niliyewahi kuachwa.

Ilikuwa Nairobi, katika mashindano ya wanawake ya kulipwa ya ngazi ya chini, ambayo droo yake ya wawili wawili ilikuwa na timu 16. Timu huingia kwa kujumlisha nafasi za wachezaji wote wawili katika orodha ya ubora duniani. Sisi hatukuwa na nafasi ya kujumlisha, tukaingia kwa mwaliko wa waandaaji. Sitawachosha na habari za mazoezi. Itoshe kusema kwamba tulitoka Mombasa, tukiwa tumezoea kucheza usawa wa bahari, tukapanda hadi mji ulio juu zaidi ya mita 1,600, ambako hewa ni nyepesi na mpira uliopigwa kwa nguvu ileile ya nyumbani hupitiliza.

Seti ya kwanza tulishinda 6–4, na sioni haya kusema kwamba sijawahi kucheza vizuri namna ile, kabla ya siku hiyo wala baada yake. Seti ya pili tukaongoza 5–4, wapinzani wakianzisha, na gemu ikafika 40 kwa 40, yaani sare. Katika mechi hizi za wawili wawili, hapo huchezwa pointi moja tu ya uamuzi, na timu inayopokea ndiyo huchagua nani kati yao apokee. Kwa hiyo ilikuwa pointi ya kumaliza mechi, na uchaguzi ulikuwa wetu. Mwenzangu, aliyekuwa akipokea upande wa kushoto, alikuwa amerudisha karibu kila mpira tangu tuanze. Mimi nilinyosha mkono, nikajipanga upande wangu wa kulia bila hata kumtazama usoni, na mpira nilioupiga ukatua nje ya mstari wa nyuma kwa upana wa kiganja.

Seti hiyo tuliipoteza 7–5, na taibreka ya pointi kumi inayochezwa badala ya seti ya tatu tukaipoteza 10–4. Tangu pointi ile hadi tulipopeana mikono na wapinzani, mwenzangu hakutamka neno. Juma lililofuata kulikuwa na mashindano mengine palepale, nami nilipokwenda kutuandikisha nikakuta jina lake limekwisha kuandikwa pamoja na la mtu mwingine. Hakuniambia, nilisoma. Walifika nusu fainali, na mechi zao zote nilizitazama.

Kwa miaka mitatu niliulaumu mwinuko wa Nairobi, kisha nikaulaumu ukimya wake, bila kujiuliza ni nani aliyeuanzisha ukimya huo. Ndiyo sababu, mdogo wangu, kabla hujamwacha mwenzako, jiulize ni lini mara ya mwisho ulimwuliza jambo uwanjani ukasubiri jibu. Zungumzeni kabla ya kila pointi: mpira utaanzishwa wapi, nani atakwenda kwenye wavu, nani atachukua mpira wa katikati. Pointi ya uamuzi ikija, uliza. Hata kama unajua jibu, uliza.

Wapo watakaokuambia kwamba ushirikiano ni wa miaka mingi, na watakutajia Venus na Serena Williams, waliofika fainali 14 za wawili wawili katika mashindano makubwa manne ya dunia na kuzishinda zote. Lakini sisi wengine hatukuzaliwa na mwenzetu wa uwanjani. Kateřina Siniaková alishinda mataji saba makubwa akiwa na Barbora Krejčíková, kisha mwaka 2024 akashinda Roland Garros, mashindano makubwa ya Ufaransa, na Coco Gauff na, majuma machache baadaye, Wimbledon na Taylor Townsend. Mfano huo sikuupenda kwa muda mrefu, kwa sababu unampa haki aliyeniacha.

Ninaoupenda ni wa Angella Okutoyi wetu, ambaye Julai 2022 alicheza fainali ya wasichana ya wawili wawili huko Wimbledon na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Walipoteza seti ya kwanza 3–6, wakashinda ya pili 6–4, na taibreka wakaimaliza 11–9 dhidi ya Kayla Cross na Victoria Mboko wa Kanada, naye Okutoyi akawa Mkenya wa kwanza kutwaa taji kubwa la vijana. Ukipoteza seti ya kwanza kisha ukafikishwa 9–9, hapo ndipo mwenzako anapojulikana. Mchague kwa namna anavyokutazama baada ya wewe kukosea, nawe ujichunguze unavyomtazama yeye.

Ninajua nimeanza kuhubiri. Siku hizi ninacheza na mwalimu mmoja wa hisabati, mpole, mwenye mkono dhaifu wa nyuma, na kila tunapofika 40 kwa 40 yeye hunigeukia kuuliza kabla sijafungua kinywa. Bado hunichoma kidogo. Jumamosi iliyopita nilimwambia apokee yeye. Akaupiga wavuni, tukabadilishana upande tukicheka.