Sonona: “Mtaalamu atanifanyia nini zaidi ya maongezi?”

Daktari amesema nina sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, akaniandikia nikamwone mwanasaikolojia kwa tiba ya fikra na tabia. Maongezi hata na shangazi ninayo. — Mwalimu, Morogoro

Mwalimu, shangazi anakupa pole na ushauri, na usimwache. Mwanasaikolojia wa tiba hii ushauri wake ni mchache. Kazi yake ni kukuuliza maswali na kukupa ya kufanya ukirudi nyumbani.

Tiba hii ilianzia Philadelphia, Marekani, miaka ya 1960, kwa daktari Aaron Beck. Alikuwa amefundishwa kwamba kiini cha sonona ni hasira ambayo mtu ameigeuzia nafsi yake. Wagonjwa wake wakamwonyesha jambo jingine: vijiwazo vinavyopita kichwani bila kuitwa, vinavyomponda mtu mwenyewe, walimwengu na kesho yake. Vinapita upesi mno, mtu hapati hata nafasi ya kuvihoji.

Tuseme umempigia mwalimu mkuu, hakupokea. Papo hapo linakuja wazo: “Amenichoka, sifai.” Unaliandika kwenye daftari, kisha mnalichambua kikaoni. Ushahidi uko wapi? Huenda alikuwa kwenye kikao? Na wiki hii utafanya nini ili ujue ukweli? Kwa kawaida ni vikao 12 hadi 20, kimoja kwa wiki, kila kimoja kama saa moja. Lengo ni uondoke ukiweza kujihoji hivyo mwenyewe. Asiyegusa daftari kati ya vikao hupata faida ndogo, nakwambia mapema.

Si ndiyo yale yale ya “fikiria mazuri”? — Kijana, Tandika

Hapana. Tena maneno hayo ningeyapiga marufuku mbele ya mgonjwa yeyote. Wazo likihojiwa linaweza kuonekana ni la kweli: deni lipo, mchumba kaondoka. Hapo hatubishani nalo, tunapanga nani aonwe kwanza kuhusu deni.

Mama analala mchana kutwa, hataki kuongea. Hayo ya daftari atayaweza wapi? — Binti, Tanga

Asianze na daftari, binti yangu. Sonona ikiwa nzito tunaanza na matendo. Mama akiacha soko, kikoba na ukili wake, anakosa vitu vilivyomfanya ajione wa maana. Anazidi kuzama, na akizama anazidi kujifungia. Basi pangeni jambo dogo kwa saa maalumu, msisubiri “akijisikia”. Saa 2 asubuhi aoge. Saa 10 jioni akae barazani na jirani dakika 10. Baadaye aseme alivyojisikia, kwa alama 0 hadi 10. Siku za mwanzo alama zitakuwa chini, msivunjike moyo. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walichapisha ulinganisho wa njia hii ya matendo peke yake na tiba kamili, na haikuonekana duni, ingawa waliotoa njia ya matendo hawakuwa wataalamu wabobezi.

Akisema afadhali asiwepo duniani, weka ratiba kando. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Natumia fluoxetine, vidonge vya sonona. Nikianza tiba, niache? — Dereva, Dodoma

Usiache kwa uamuzi wako. Dozi hupunguzwa kidogo kidogo, na daktari ndiye anayepanga. Viwili hivi vinakwenda pamoja vizuri, hasa sonona ikiwa kali. Tofauti huonekana baadaye. Katika utafiti wa Marekani wa 2005, kati ya waliopata nafuu kwa tiba hii wakaimaliza, takriban 31 katika kila 100 walirudiwa ndani ya mwaka. Kwa waliopata nafuu kwa vidonge kisha wakaviacha, ni 76.

Kijijini kwetu hakuna mwanasaikolojia. — Mama Neema, Singida

Ni kweli dada, wako wachache na wengi wamejaa mijini. Ila kazi hii inafundishika. Vijijini Pakistan, wanawake wahudumu wa afya ya jamii walifundishwa mbinu za tiba hii, wakawatembelea wajawazito na waliojifungua wenye sonona. Matokeo yalichapishwa 2008: miezi sita baada ya kujifungua, 23 katika kila 100 walikuwa bado na sonona, dhidi ya 53 kwa waliotembelewa bila mbinu hizo. Hapa jirani, Moshi na Bungoma, washauri wasio wanasaikolojia wametoa tiba ya ukoo huu kwa watoto yatima. Anzia kituo cha afya. Uliza kama yupo muuguzi au tabibu aliyesomea afya ya akili. Akikosekana, omba rufaa ya hospitali ya wilaya, na uulize siku za kliniki ya afya ya akili kabla hujapanda basi.