Wazee wanataka niseme mdogo wangu alikuwa kwangu usiku ule

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Morogoro. Mdogo wangu wa kiume, dereva wa bodaboda, ameshtakiwa kwa mauaji ya mtoto wa miaka 4 wa mwanamke aliyekuwa akiishi naye. Yeye anasema mtoto alianguka kitandani. Hospitali wamesema majeraha yale si ya kuanguka. Hii ni wiki ya tano yuko mahabusu. Kwenye kikao cha ukoo baba mdogo ameniagiza niende polisi niseme usiku ule alikuwa kwangu tangu magharibi. Ukweli ni kwamba alifika saa nne, akala, akaondoka. Mama anasema mtoto alichezewa kichawi na upande wa kwao, na yule mwanamke anataka kummaliza mdogo wangu. Wazee wanasema tuuze kiwanja cha mama tuwapelekee kitu, familia zikielewana kesi itafutwa. Mume wangu amenikataza kukanyaga gerezani. Msibani sikwenda, niliona aibu. Silali, Shangazi. Nifanye nini?
Dada Mkubwa, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa namtafuta mtoto ndani yake. Nimemwona mama, baba mdogo, mume, hadi kiwanja. Mtoto ana umri tu. Hata kama ni wa kiume au wa kike sijui.

Sikulaumu. Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii miaka 26 na nimekaa kwenye vikao vya namna hiyo zaidi ya ninavyotaka kukumbuka. Watu wazima wanaongea hadi usiku wa manane juu ya aliye hai, na jina la aliyekufa halitamkwi. Likitamkwa watu watalia, na hawakuja kulia, wamekuja kupanga.

Nianze na la baba mdogo, maana ndilo la haraka. Usiende kusema uongo. Ukishatia saini maelezo polisi, yanakuwa yako, na siku moja utayarudia mahakamani kwa kiapo. Jirani aliyeiona pikipiki ikiingia uani kwako saa nne naye ataitwa. Uongo ukifumuka, unaweza kushtakiwa wewe, na hata lile la kweli unaloweza kusema, kwamba alifika saa ngapi, alikuwa na hali gani, alikula nini, hakuna atakayelisadiki. Ukiulizwa, sema saa nne. Usiongeze, usipunguze. Baba mdogo atanuna. Mwache anune.

La kiwanja. Hii si kesi ya familia mbili, ni kesi ya Jamhuri. Mama wa mtoto hata akitaka kusamehe leo hii, hana uwezo wa kuifuta. Mwenye mamlaka ya kuiondoa mahakamani ni Mkurugenzi wa Mashtaka. Na mama huyo ni shahidi. Wazee wenu wakimpelekea bahasha katikati ya upelelezi, hiyo haitaitwa rambirambi, itaitwa kuharibu ushahidi, na mtakuwa mmemwongezea mdogo wako mzigo. Mweleze mama pia kwamba kwa kosa la mauaji hakuna dhamana, kwa hiyo atakayekuja kumwambia "nipe milioni mbili atoke Ijumaa" ni kishoka. Wanajua nyumba yenye msiba wa namna hii kama inzi wajuavyo bucha. Kesi itakuwa inatajwa mahakama ya chini, na mdogo wako hatatakiwa kujibu lolote kwa kuwa mahakama hiyo haina mamlaka ya kuisikiliza. Itasikilizwa Mahakama Kuu. Akifika huko bila uwezo wa kuweka wakili, mahakama itampangia mmoja na serikali italipa. Kiwanja kibaki.

Huenda mama anaogopa kitanzi ila hasemi. Mauaji ya kukusudia adhabu yake kisheria ni kunyongwa, ni kweli, ingawa mara ya mwisho adhabu hiyo kutekelezwa Tanzania ilikuwa 1994. Kuua bila kukusudia ni kosa jingine lenye adhabu nyingine. Lipi kati ya hayo, au hakuna hata moja, ni kazi ya ushahidi. Katiba yetu, ibara ya 13, inakataza mshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitika. Hilo linambana mumeo, anayeona mdogo wako ni muuaji tayari. Lakini halimpi mama ruhusa ya kuwageuza waliofiwa kuwa wachawi. Usigombane naye juu ya uchawi. Mama aliyepigwa hivi hushika chochote kinachoelea. Mzuie tu asiyaseme dukani wala kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, kwa sababu maneno yale yatafika kwa bibi wa marehemu kabla ya jioni.

Sasa nikuambie la kwetu. Nilikuwa na miaka 14, Muheza, polisi walipomchukua mjomba wangu kwa kifo cha mtoto wa jirani. Kisima kilikuwa kimoja. Mama zangu wadogo wakaanza kuteka maji usiku ili wasikutane na mama wa mtoto. Bibi alikataa. Kila alfajiri alibeba ndoo yake, akafika, akamwamkia mwenzake kwa jina la mtoto: "Mama Fulani, umeamkaje?" Hakujibiwa. Siku ya kutembelea wafungwa alipanda basi na wali wake kwenye hotipoti kumpelekea mwanawe. Ukoo ukamsema kwamba ana nyoyo mbili. Mimi nilimwona ana moja, tena imechoka. Salamu ile haikuitikiwa kwa zaidi ya mwaka, na hakuacha kuitoa. Kesi iliishaje sitakuandikia, kwa sababu utaanza kuitafuta kesi ya mdogo wako ndani yake.

Kwa hiyo gerezani nenda. Mwambie mumeo kwamba kumpelekea mtu sabuni na ndala si kusema hakuua. Uliza kwanza getini kinachoruhusiwa kuingia. Ukifika usimhoji usiku ule ulikuwaje, na usimfundishe la kusema; hayo ni ya wakili wake. Muulize kama analala, kama anakula. Akitaka kulia mwache alie. Inawezekana ukamwonea huruma na ukamchukia ndani ya dakika ileile. Nimewaona dada wengi wakitoka getini na uso wa namna hiyo, na hakuna aliyekuwa na kichaa.

Kwa waliofiwa usiende na ujumbe wa wazee, na kwa mama wa mtoto usiende kabisa kwa sasa. Tafuta mjumbe wa mtaa wao, au shekhe au mchungaji wao, umkabidhi rambirambi yako mwenyewe, ndogo, kutoka mfukoni mwako, na maneno mawili: poleni sana. Usiombe msamaha kwa niaba ya mtu, usitaje kesi. Ikirudishwa, ipokee na unyamaze.

Wanao watatu watasikia shuleni kabla hujawaambia, kama hawajasikia tayari. Wakalishe leo. Waambie mtoto amefariki, mjomba wao ameshtakiwa, mahakama inachunguza, na kwamba hawatakiwi kumtetea wala kumtukana mbele ya wenzao.

Ukiniandikia tena, niambie jina la mtoto na alipenda nini. Sitalichapa.